Mnaoanza zamu za utabiri wa hali ya hewa, vimbunga vidogo ndo vitawatoa jasho

Wadogo zangu mnaoanza zamu msimu huu, kimbunga kikubwa hakiwezi kuwasumbua sana, jicho lake hata mtoto analiona kwenye picha ya satelaiti. Shida iko kwa hivi dhaifu, vyenye upepo wa kilomita 63 mpaka 88 kwa saa, ambavyo huku kwetu kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi vinaitwa dhoruba ya wastani. Leo kimepewa jina, kesho unakitafuta.

Kinavyozaliwa mnakijua, mawingu ya mvua yanajikusanya juu ya bahari ya moto, nyuzi 26 na kuendelea, mbali kidogo na ikweta ili hewa iweze kuzunguka, na kwa upande wetu inazunguka kama mshale wa saa. Hapo hapana neno. Kosa la wageni wengi ni kuangalia joto la bahari tu, wakiona bahari inachemka basi wanaandika kitaongezeka nguvu. Mkumbuke kimbunga Jobo, Aprili 2021, kilipita kaskazini mwa Madagascar kikapata nguvu vizuri tu, watu Dar wakajiandaa, afu kikachoka kabla ya kufika pwani, na wengine wakasema walitishwa bure. Bahari mwezi wa nne haijapoa bado, kwahiyo maji siyo yaliyokimaliza, ni hewa kavu kuingia ndani na upepo wa juu kwenda tofauti na wa chini. Na kilikuwa kidogo kwa umbo, na vidogo ndo zao hizo, vinapanda haraka na kushuka haraka hivyo hivyo.

Sasa shikeni hili. Usiku mnatumia picha za joto la mawingu, unaona bonge la wingu jeupe unaweka kitovu katikati yake unaenda kunywa chai. Asubuhi picha ya mwanga wa jua inafika, kitovu kumbe kiko nje kabisa, ki-mzunguko cha vijiwingu vya chini kinazunguka chenyewe kikiwa uchi, ngurumo zote zimesukumwa pembeni, na wewe usiku kucha umetangaza sehemu siyo. Kwahiyo usiku usiamini hiyo picha peke yake, tafuta na vipimo vya upepo wa juu ya maji vya satelaiti kama imepita. Na kitovu kikishakuwa uchi njia nayo inabadilika, maana hakisukumwi tena na pepo za juu, kinafuata upepo wa chini tu, mara nyingi kuelekea magharibi, yaani kwetu.

Namba nazo zina mtego. Kituo cha vimbunga cha kisiwa cha La Réunion, ambacho ndo chenye dhamana ya eneo letu, kinatoa wastani wa upepo wa dakika 10, Wamarekani wanatoa wa dakika 1 kwahiyo ya kwao inakuwa kubwa zaidi kwa upepo ule ule, usije ukaandika kimeongezeka nguvu kumbe umebadilisha tu ukurasa. Na saa za kimataifa (UTC) ongeza 3 kwanza halafu ndo uziseme Kiswahili, saa 12:00 ya UTC ni saa tisa alasiri yetu, hapa wanaumia wengi jamani.

Halafu kifo chake. Neno "kimepungua nguvu" mvuvi wa Mafia akilisikia anashusha boti, na hana kosa, nyie ndo mmeandika nusu. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipofika Mafia kilishapungua, lakini mvua ilishuka Kilwa mpaka barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Upepo unakufa kwanza, maji yanabaki. Kwahiyo sentensi ya kupungua nguvu isitoke bila ya mvua na ya mawimbi hapo hapo chini yake, na hata taarifa ya mwisho ikishatoka endelea kuwapigia watu wa vituo vya pwani kuuliza wamepima milimita ngapi.