Eneo la lami kwenye kipilefti bila kufika katikati

Mkuu, umesema una kipilefti cha kuweka lami, katikati kuna bustani na mnara, na huwezi kuvuta tepu kupata nusu kipenyo. Nimepita humo humo, na mara ya kwanza nilivurunda.

Nilipima upana wa njia, ukingo wa ndani hadi wa nje, nikapata mita 7. Nikapiga 7 mara 7 mara pai, nikapeleka mita za mraba 154. Lami ikaisha hata theluthi ya mzunguko hatujafika. Foremani akaniuliza kama nilipima kipilefti au kisima. Alikuwa na haki: hesabu ile ilikuwa ya duara dogo lenye nusu kipenyo cha mita 7, siyo ya pete.

Kwa pete, kila nusu kipenyo kinazidishwa chenyewe kwanza, ndipo unatoa. Cha nje kilikuwa mita 17, cha ndani 10. 289 toa 100 inabaki 189, mara 22/7 ni 594. Cha ndani utakipata kwa kuzungusha tepu kwenye mawe ya ukingo wa bustani na kugawanya mzingo kwa 6.28, halafu ongeza upana wa njia upate cha nje.

Ila siku hizi hata huko sizunguki. Mtu mmoja anashika ncha ya tepu kwenye ukingo wa nje, mwenzake anaivuta ikiwa imenyooka hadi ukingo wa nje upande wa pili, na mimi nachuchumaa kwenye bustani kuhakikisha tepu inaligusa tu jiwe la ndani. Ikijikunja hapo, hata kidogo, rudieni. Pale tulisoma mita 27.5. Nusu yake 13.75, ukiizidisha yenyewe ni 189 na ushee, mara pai unarudi kwenye 594 ile ile. Ni Pythagoras tu: mstari kutoka katikati hadi pale tepu inapogusa unafanya pembe mraba na tepu, kwa hiyo ile nusu ya tepu tayari imebeba tofauti ya miraba miwili.

Ncha za tepu zisiangukie kwenye mdomo wa barabara inayoingia, maana hapo ukingo wa nje haupo. Vuta sehemu tatu tofauti. Vipimo vikipishana sana, kipilefti chako kina umbo la yai, kikate vipande.

Midomo yenyewe pima peke yake kama trapeza, na utoe visiwa vya kugawa magari.

Unene wa sentimita 5 kwenye 594 ni mita za ujazo 29.7, lakini hizo ni za lami iliyokwisha kushindiliwa. Agiza kwa tani: kwa takriban tani 2.4 kila mita ya ujazo, hiyo ni kama 71, kabla hujahesabu ya kumwagika.