Re: Kumfungia ndani mlevi wa kanyanga

Mama, umeuliza kama familia ifanye vizuri kumfungia baba mkwe chumbani siku saba za maombi ili aache kanyanga (pombe kali ya kienyeji), na mtoto wa kaka yako anayevuta bangi afungiwe pamoja naye. Maombi sawa, kufuli hapana!

Mzee anayekunywa kila siku tangu asubuhi, kwa miaka, mwili wake umeshazoea pombe. Ukimkatia ghafla, saa chache tu mikono inatetemeka, jasho linamtoka, halali. Ndani ya siku mbili anaweza kupata degedege. Siku ya pili au ya tatu anaanza kuona vitu visivyopo, na hapo watu wanasema ni mapepo. Ni pombe inayomtoka, na inaweza kumuua. Muganga anampa dawa ya diazepamu na kuipunguza polepole, pamoja na vitamini B1. Hapa Bukavu nendeni SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili, au muanzie kituo cha afya kilicho karibu. Mpaka mtakapofika, msimkatishe kwa nguvu.

Kijana ni habari nyingine. Kuacha bangi kunaleta hasira na kukosa usingizi, hakuleti degedege. Yeye anahitaji kazi ya mchana na mtu mzima mmoja anayemsikiliza bila kumtukana (kufokewa ameshazoea).

Umegusia pia kwamba bibi ya kaka yako ana mimba na anaonja “kidogo tu”. Kwa mimba hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Kama ni kuonja, aache leo. Kama anakunywa kila siku, naye apitie kwanza kwa muganga.