Gobore haliogeshwi kwa mafuta

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Uvira, sasa naishi Erie, Pennsylvania, mwaka wa sita huu. Jirani alinitia hamu ya kuwinda, nikasoma kozi, nikapata leseni, na msimu huu wa baada ya Krismasi nikanunua gumegume, yaani gobore linalowashwa kwa cheche za jiwe, la mkono wa pili, lenye tundu la nusu inchi. Nilipiga risasi nne tu, na kulungu sikumpata. Kurudi nyumbani nikapuliza ndani ya mtutu yale mafuta ya kopo ya kulegezea nati zilizoshika, nikapitisha kitambaa mara mbili, nikalifungia kabatini. Baada ya wiki mbili nimepitisha kitambaa tena, kikakwama njiani, na kilipotoka kilikuwa chekundu kama tofali. Rafiki mmoja ananiambia ningemwaga maji humo ndani, mwingine anasema chuma na maji havipatani. Je, nimeliua? Na kosa langu ni lipi hasa?
Mwindaji Mgeni, Erie

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza pole ya kulungu. Msimu huo wa Pennsylvania wa magumegume peke yake, ulioanza 1974, ni wa baridi kali, na miaka niliyorudi mikono mitupu ni mingi kuliko niliyorudi na nyama. Gumegume lako halijafa. Ila huyo aliyekwambia chuma na maji havipatani, ama hana gobore, ama analo na limeshaliwa na kutu.

Kilichokuponza ni yale mafuta ya kopo. Baruti tunayotumia sisi wa gumegume ni ile nyeusi ya zamani: katika sehemu 100 za uzito, 75 ni shura (nitrati ya potasiamu), 15 makaa ya miti, 10 salfa. Baruti ya kisasa isiyo na moshi, ikiungua karibu yote inageuka gesi. Hii nyeusi, zaidi ya nusu ya uzito wake haiwi gesi kabisa. Nyingine inatoka kama moshi ule mzito unaokuficha mnyama uliyemlenga, nyingine inabaki ndani ya mtutu kama masizi magumu, na masizi hayo kwa sehemu kubwa ni chumvi za potasiamu. Chumvi unaijua. Iache wazi nyumbani kwenu kando ya ziwa wakati wa masika, asubuhi utaikuta imelowa. Masizi ya baruti nayo yanavuta unyevu wa hewani, yanalowa, na huo unyevu wenye chumvi na salfa unakitafuna chuma huku wewe umelala. Mafuta hayayeyushi chumvi. Uliyafunika masizi tu, kama mtu anayejipaka mafuta bila kuoga, na juu ya hapo mafuta ya petroli yakichanganyika na masizi hayo hugeuka kitu kama lami. Ndiyo maana kitambaa kilikwama.

Mimi nililijua hili kabla sijajua kusoma. Babu yangu alikuwa na gobore la fataki, linalowashwa kwa kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa badala ya jiwe, kule Sikonge, Tabora, lenye leseni, la kufukuzia nguruwe pori na nyani shambani. Kazi yangu ilikuwa kubeba maji. Akirudi usiku, hata iwe saa tano, hakugusa chakula mpaka gobore limeoshwa. Alikuwa na ugomvi na bibi usiokwisha, kwa sababu maji ya gobore aliyachemsha katika sufuria ya mboga, na maji machafu yaliyotoka ndani ya mtutu aliyarudisha humo humo. Sufuria hiyo nitaitaja tena huko chini.

Sasa twende kazini. Kabla ya lolote hakikisha halina kitu ndani. Tumbukiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka ugote, uutie alama kwa kisu pale unapotokeza mdomoni mwa mtutu. Fanya hivyo mara moja siku unayojua kwa yakini kwamba liko tupu. Tangu siku hiyo, alama ikisimama juu ya mdomo, jua kuna kitu ndani. Babu alikuwa na alama mbili, moja ya tupu na moja ya lililoshindiliwa, na ya pili aliizungushia uzi mwekundu.

Halafu toa mtambo, ile sehemu ya pembeni yenye nyundo na jiwe. Fungua jiwe na ngozi yake uweke kando, inua nyundo hadi nusu, kisha legeza skrubu zinazoshika mtambo, ila usizitoe kabisa. Zikibaki zimeshika nusu, gonga vichwa vyake taratibu kwa mpini wa bisibisi, mtambo utajisukuma wenyewe nje ya ubao, ule mti unaobeba mtutu. Wanaoingiza ncha ya bisibisi pembeni na kukongoa ndio wale ambao magobore yao yana ubao uliobanduka kuzunguka mtambo. Nimefanya kazi ya kuchonga chuma kwa mashine miaka 30, na bado kila mara nafika hapa mikono inataka haraka.

Mtutu usiutoe ovyo. Tazama unavyoshikwa. Kama ni pini nyembamba zilizopenya ubao, uache hapo hapo; pini zikitolewa kila juma, matundu yanapanuka na ubao mwembamba wa mbele unapasuka. Kama unashikwa na kabari bapa, na nyuma una kulabu, toa kabari, unyanyue mtutu, usimamishe kitako cha mtutu ndani ya ndoo ya maji, upige pampu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mdeki. Maji yatapanda na kushuka kupitia tundu la moto, lile tundu dogo la pembeni ambamo moto huingia kwenye baruti. Hiyo ndiyo njia ya raha.

Kwa mtutu wa pini, chukua kijiti cha meno uzibe tundu la moto, funga kitambaa kuzunguka ubao usilowe, mimina maji vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo hadi karibu na mdomo, ziba kwa kidole gumba, uinamishe huku na huku kama unavyosukasuka maziwa kwenye kibuyu. Mwaga. Maji ya kwanza yatatoka meusi kama wino na yatanuka yai viza. Hiyo ni salfa, usishtuke. Rudia mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Kwangu huwa mara nne, tano nikiwa nimepiga sana. Ndipo upitishe vitambaa vya maji, halafu vikavu, hadi kimoja kitoke cheupe na kikavu. Vitambaa viwe vya pamba. Fulana ya zamani inafaa, ya nailoni haifyonzi kitu.

Mnabishana sana juu ya maji ya moto. Maji yanayochemka yanaupasha mtutu joto ukakauka upesi, na babu hakutumia mengine. Lakini mtutu ukishakuwa wa moto sana, kutu jembamba jekundu linatokea ndani ya dakika mbele ya macho yako. Kutu hilo ni la juu juu na kitambaa chenye mafuta kinaliondoa, lakini la nini? Mimi natumia maji ya kiasi cha kumwogesha mtoto, halafu nakausha kwa bidii.

Mafuta yanakuja sasa, wala si mengi: kitambaa kilichopakwa mafuta ya kuzuia kutu, mara mbili kwenda na kurudi. Lisimamishe mdomo ukiwa chini juu ya gazeti usiku huo, ili yaliyozidi yatiririke nje badala ya kukusanyika nyuma na kunywewa na ubao. Kesho yake pitisha kitambaa kikavu. Kikitoka na rangi ya chai, kuna masizi uliyoyaacha: rudia maji. Rudia kutazama baada ya wiki.

Mtambo wenyewe unauosha kwa mswaki na yale maji ya sabuni, unaukausha kwa mashine ya kukaushia nywele, unatia tone moja la mafuta mahali panapozunguka. Hapa ndipo wengi wanaharibu: uso wa kile chuma kinachopigwa na jiwe usiwe na mafuta hata kidogo. Mafuta hapo yanaua cheche, nawe utasimama kwenye theluji unabonyeza, unasikia "ka!" tu, kulungu anakutazama. Na kile kijiti cha meno kitoe! Nimewahi kukisahau. Siku ya kuwinda, kabla ya kushindilia, futa mafuta yote ya ndani kwa kitambaa chenye spiriti na upitishe sindano kwenye tundu la moto.

Kuhusu jeraha ulilokwisha kulifanya: osha kwa maji kwanza kama nilivyoeleza, ondoa ile lami. Kisha funga sufi ya chuma laini kabisa kwenye kichwa cha mdeki, uipake mafuta, usugue mwendo mrefu toka nyuma hadi mdomoni, huku mdeki ukiushika katikati usikwaruze kuta za mdomo, maana mdomo wa mtutu ndio unaoiaga risasi. Msasa usiuguse. Vitambaa vikianza kutoka vya kijivu badala ya vyekundu, acha, umulike kwa taa ndogo. Mtutu ukiwa na mabaka meusi tu, utawinda nao miaka mingi, ila utakuwa mgumu kidogo kusafisha. Ukiona mashimo, hasa sehemu ya nyuma pale baruti inapolala, usipige tena kabla fundi wa bunduki hajautazama.

Usidhani nakusimanga. Januari moja nilirudi nimelowa hadi soksi, nikajisemea kesho. Kesho yake kitambaa cha kwanza kilitoka na rangi ya chai ya rangi. Usiku mmoja tu, mwanangu, na mtutu ule nilikuwa nimeununua wiki tatu nyuma.

Jambo la mwisho kwako: kwenye risasi paka mchanganyiko wa nta na mafuta ya kondoo badala ya grisi ya dukani ya petroli. Masizi yatabaki laini, na kuosha kutachukua nusu ya muda. Sikonge nta ilikuwa ya bure, walina asali wamejaa. Nilipofika huku nikakuta wazee wa Kimarekani wanachanganya nta na mafuta ya kondoo vile vile, wanadhani ni siri yao.

SWALI: Marehemu baba ameacha gobore darini, limejaa vumbi na buibui. Kaka zangu wanataka nilisafishe tulitundike sebuleni kama ukumbusho. Nianzie wapi?
Binti wa Marehemu, Tabora

JIBU: Usianze. Poleni na msiba, mwanangu, lakini hilo vumbi liacheni hapo hapo. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haifi. Gobore alilolishindilia baba linaweza kumfyatukia mjukuu. Mtu asilishushe, asichungulie mdomo wake, asijaribu kama nyundo bado inafanya kazi. Tena leseni ilikuwa ya marehemu, haikurithiwa pamoja na vyombo, na mbele ya sheria gobore ni silaha kama nyingine. Mwone mwenyekiti wenu, mwende kituo cha polisi mkaeleze, wao waje walichukue. Msilibebe wenyewe kwenye bodaboda kulipeleka. Mambo ya sebuleni mtayaongea huko huko kituoni.

SWALI: Mafuta ya alizeti yanafaa kupaka bunduki?
Msomaji, Singida

JIBU: Hayafai. Yanaganda yakawa kama gundi, na mtambo utasimama. Kaangia samaki.

SWALI: Mzee, mume wangu anaisoma safu yako kuliko anavyosoma barua zangu. Kila Jumamosi akitoka shabaha anaoshea bunduki kwenye sinki la jikoni, na mideki yake anaikaushia kwenye kitandiko cha vyombo. Tuna mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Nikisema, ananiambia sabuni inaua kila kitu. Tuamue.
Mama Mtoto, Lancaster

JIBU: Haki ni yako, mwanangu, na mumeo alisome hili mwenyewe kwa sauti. Sabuni haiui risasi. Risasi ni madini, na ni sumu, mbaya zaidi kwa mtoto wa umri huo ambaye kila kitu anakipeleka mdomoni. Inaharibu ubongo unaokua, na kiasi chake kidogo kinatosha. Mtu aliyeshika tembe za risasi siku nzima anazo vidoleni, kwenye mikono ya koti, kwenye vitambaa, na sehemu yake inaingia katika hayo maji meusi. Ahamie gereji au nje. Awe na ndoo yake, beseni lake na mswaki wake, na vitambaa vilivyotumika avifunge kwenye mfuko avitupe. Maji ayamwage chooni. Nguo za shabaha zifuliwe peke yake, naye anawe kwa sabuni kabla hajambeba mtoto.

Nimesema ningeitaja tena sufuria. Bibi hakujua habari ya risasi kwenye damu. Alisema tu maji yale yana harufu ya kitu kisicholiwa, na babu akacheka. Siku moja aliitoboa chini kwa msumari, akaipandia maua, akaiweka mlangoni ambapo babu angepita kila asubuhi. Tangu hapo babu alichemshia maji yake katika debe la mafuta ya taa. Mwambie mumeo anunue ndoo, tena iwe nyekundu, isije ikachanganywa na ya kudekia.