Massey 135 iliyolala miaka: usiivute, ifungue

Ujumbe ulioingia juzi ulikuwa mfupi. Massey Ferguson 135 imenunuliwa, ilisimama chini ya mwembe miaka kadhaa, na fundi ameshaleta mnyororo ili aivute kwa Fuso iwake. Swali lenyewe: itiwe gia namba ngapi?

Hakuna gia. Mnyororo urudi ulikotoka.

Injini iliyolala, ringi za pistoni hushikana na laina (kuta za silinda) kwa kutu na valvu hukwama kwenye gaidi, vitundu vinavyoongoza shina zake. Ukiivuta, matairi ya nyuma yana nguvu kuliko kutu yote hiyo: ringi zinakatika, pushirodi, fito zinazosukuma valvu, zinapinda. Asubuhi ilikuwa inadai filta na oili, jioni inadai ovahoo. Na ninajua kitakachofuata, maana kuna wanaoanza na rangi nyekundu mpya kabla hata ya kuchungulia dipstiki. Rangi haitii moto, kaka.

Anza na spana. Hii trekta ilitoka Coventry, Uingereza, kati ya 1964 na 1975, na boliti zake ni za inchi. Boliti yenye kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaingia ikiwa imelegea. Ya 9/16 ni milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, ya 15 inakula kona. 5/8 na 3/4 zinavumilia 16 na 19, nyingine hapana. Fundi akija na seti ya milimita peke yake, mpe chai aende.

Sasa injini, Perkins AD3.152 ya silinda tatu. Angalia bomba la moshi kwanza. Kama limesimama wima na hakuna aliyelifunika hata kwa kopo, mvua imeingia humo hadi kwenye silinda ambayo valvu yake ya moshi ilibaki wazi, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyoshika. Legeza polepole plagi ya sampu, lile karai la oili chini ya injini. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia kutoka. Laina za injini hii ni kavu, hazigusani na maji ya rejeta, kwa hiyo ukikuta oili nyeupe kama maziwa na bomba lilikuwa limefunikwa, shuku gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe kupasuka.

Toa nozeli zote tatu, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Mimina kwenye kila tundu vijiko viwili vya mchanganyiko wa dizeli na oili ya injini, nusu kwa nusu, kisha uache siku mbili tatu huku ukiongeza kidogo. Wakati huo fungua kifuniko cha juu, bonyeza kila valvu kwa mpini wa nyundo. Inayoshuka bila kurudi imekwama. Ilainishe shina hadi irudi yenyewe. Ndipo utie spana kwenye boliti ya puli ya mbele: robo kwenda, robo kurudi, bila kuongezea bomba kwenye spana. Ikizunguka mizunguko miwili kamili, weka oili mpya na filta mpya, kisha piga stata nozeli zikiwa bado nje hadi geji ya oili ipande. Kaa mbali na yale matundu, yatatema.

Kabla ya kurudisha nozeli, chungulia kila tundu kwa tochi. Wosha ya shaba ya zamani hupenda kubaki chini. Ukiweka mpya juu yake nozeli inakaa juu ya mahali pake, nawe utahangaika na moshi wiki nzima ukidhani ni pampu. Tapeti, yaani pengo la juu ya shina la valvu, pima 0.30 mm injini ikiwa baridi.

Dizeli ndipo wengi wanapoharibu. Pampu kubwa ya dizeli, CAV DPA, haina oili yake, inalainishwa na dizeli inayopita ndani, hivyo maji au kutu ya tangi inaiua kimyakimya. Shusha tangi, lioshe, safisha kikombe cha machujo, weka filta mpya (296 ndiyo namba ya kuulizia dukani). Kisha toa upepo kwenye njia ya dizeli kwa mpangilio. Anza juu ya filta: legeza skrubu, pampu kwa mkono kwenye pampu ndogo pembeni mwa injini hadi povu liishe, kaza. Kileva cha mkono kikiwa hakisukumi kitu, kemu, ile nundu ya ndani inayoisukuma pampu hiyo, imekisimamia. Zungusha injini mzunguko mmoja. Halafu skrubu mbili za pampu kubwa, ile ya ubavuni na ile ya juu kwenye gavana, kidhibiti cha mbio za injini. Mwisho, aksereta ikiwa imefunguliwa yote na kizimio kimesukumwa ndani, legeza nati za mabomba kwenye nozeli na upige stata hadi dizeli itoke bila mapovu.

Siku ya kuwasha mtu mmoja asimame na kipande cha ubao mkononi. Pampu iliyolala inaweza kukwama ikiwa imefungua dizeli, injini ikapaa, mbio zikapanda bila kikomo, usiweze kuizima. Ubao, si kiganja, uzibe mdomo wa kuvutia hewa. Na ile bakuli ya oili ya filta ya hewa usiijaze kupita alama: injini ikiinyonya oili hiyo, itapaa vilevile.

Stata isipojibu, angalia leva ya hai na lo (ya gia za mbio na za polepole) iko katikati. Pale pana swichi ya usalama. Ukikuta imerukwa kwa waya, iunge upya, kwa sababu trekta inayowaka ikiwa kwenye gia humkanyaga aliyesimama mbele ya tairi.

Haidroliki isiponyanyua, usikimbilie kuifungua. Kwanza washa leva ya PTO, shafti ya nyuma inayoendesha zana. Pampu ya haidroliki imo ndani na inazungushwa na shafti hiyohiyo. Kisha angalia oili: giaboksi, difu na haidroliki vinatumia oili moja, maji yakiingia kwenye kimoja yameingia kote.

Klachi iliyoganda kwenye flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) ndiyo kazi pekee hapa inayodai kuigawa trekta katikati. Ekseli ya mbele inacheza kwenye pini moja, hivyo injini ikiachwa peke yake huanguka ubavu. Weka stendi chini ya giaboksi, jeki yenye magurudumu chini ya injini, gonga kabari za mti mgumu pande zote mbili kati ya ekseli na sapoti yake, ndipo boliti ya kwanza ilegezwe.