Kioo cha Bafuni Kiandae Kabla Hujagusa Maji ya Moto

Juzi nimepata ujumbe wa mwalimu kijana aliyepangiwa kazi Makete. "Shikamoo kaka. Huku baridi si mchezo. Nikioga maji ya moto kioo kinakuwa cheupe chote, nanyoa kwa kupapasa, naingia darasani na damu kidevuni. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Sisi tunaotoka nyumbani alfajiri na tunataka tukifika kazini tuonekane watu, jambo hili linatuhusu wote.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Tanga hakuna anayesumbuka na ukungu wa kioo, maana kioo chenyewe kina uvuguvugu na watu tunaoga maji ya bomba yalivyo. Kazi ikanipeleka Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na nilifika mwezi wa sita, baridi ikiwa imekolea. Asubuhi sakafu ya saruji inauma nyayo kama umekanyaga barafu. Ndoo ya maji ya moto kule si anasa. Bafu nililopanga lilikuwa dogo, dirisha lake halifunguki, na kioo kilitundikwa juu ya sinki, mkabala na pale unapoogea. Ukimwaga kopo la kwanza tu, uso umepotea.

Nikawa nanyoa kwa kukisia. Shingo ikajaa vipele. Siku moja kwenye kikao mkubwa wangu mmoja akasema mbele ya watu wote kwamba mtu anayepokea wageni wa ofisi inabidi ajifunze kunyoa. Watu wakacheka. Sikumjibu, heshima ilinizuia, lakini maneno yale yalinikaa kifuani na bado yapo. Hakuniuliza naishi wapi, naoga vipi, naamka saa ngapi. Aliona shingo yangu akatoa hukumu.

Vipele vile si uchafu. Nywele zetu zimejisokota, na ukizikata chini sana au ukizikokota kinyume na zilivyoota, ncha yake hugeuka ikachoma ngozi na kuingia ndani. Hapo ndipo panapovimba. Kwa hiyo inabidi uone zinaelekea wapi. Mashavuni kwa kawaida zinashuka, lakini shingoni za mwingine zinalala kuelekea sikioni, za mwingine zinapanda juu, na upande wa kulia unaweza usifanane na wa kushoto. Hilo huwezi kulijua kwa kidole. Unahitaji kioo, na kioo kinachoonyesha.

Sasa ukungu. Mvuke wa maji ya moto ukikutana na kioo cha baridi unageuka kuwa matone madogo mno, maelfu kwa maelfu, na kila tone linatawanya mwanga upande wake. Ndiyo maana unaona weupe. Ukifuta kwa kiganja umeondoa matone, lakini kioo bado ni cha baridi na mvuke bado upo, kwa hiyo hujamaliza kunyoa shavu moja na weupe umerudi. Halafu mafuta ya kiganja yanabaki, na kesho yake unakuta michirizi juu ya ukungu. Acheni kufuta kwa mkono.

Dawa niliyoitegemea mimi ni sabuni. Chukua kipande cha sabuni ya mche kikiwa kikavu, na kioo kiwe kikavu na safi. Pitisha sabuni juu ya kioo kidogo kidogo, mistari ya juu kwenda chini, mpaka uone utando mwembamba. Kisha chukua kitambaa kikavu cha pamba, kipande cha kanga kuukuu kinafaa kuliko vyote, usugue kwa kuzungusha hadi utando upotee machoni na kioo king'ae. Utadhani umeitoa sabuni yote. Hujaitoa. Iliyobaki inayalegeza maji yasijikusanye kuwa matone, yanatandazika kama ngozi nyembamba juu ya kioo, na ngozi hiyo unaona kupitia kwake. Tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo au povu la kunyolea hufanya kazi hiyo hiyo. Uso ukianza kufifia, rudia.

Tarehe 5 Juni 1966 mwanaanga wa Marekani Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A. Kazi ikamtoa jasho, kioo cha kofia yake kikajaa ukungu kwa ndani, ambako mkono haufiki, akawa haoni na kazi ikakatishwa. Safari zilizofuata walipaka dawa ya kuzuia ukungu muda mfupi kabla ya mtu kutoka. Kabla, vijana wangu! Kioo kinaandaliwa kikiwa kikavu. Nywele pia zinalainishwa na maji kabla ya wembe, na wembe unakaguliwa kabla ya kugusa ngozi. Kijana anayeruka maandalizi kwa kuwa amechelewa kuamka asilaumu baridi ya Makete. Mimi naamka mapema, naandaa kioo changu, na ofisini kwetu watu wameniuliza nanyoa kwa kinyozi gani. Kinyozi sina.

Kwenye ndoo tangulizeni maji ya baridi, kisha ya moto yamiminwe juu yake taratibu. Mvuke unapungua sana kuliko ukianza na yanayochemka. Kama mlango wa bafu unafungukia ndani kwako, uache wazi kidogo. Siki inasafisha kioo vizuri, lakini ukiimwaga ikapenya pembeni inakula rangi ya nyuma na yale mabaka meusi hayatoki tena.

Mwalimu wangu ameongeza swali: bafu lao ni la nje, la pamoja, na kioo hakuna. Nunua kioo kidogo cha mkononi cha fremu ya plastiki. Ukianza kuoga kizamishe upande wa uso kwenye kopo la maji ya moto kiasi, si ya kuchemka, kipate joto. Kikishapata joto mvuke haukigandii kwa dakika kadhaa, na hizo zinatosha shingo, ambayo ndiyo ya kuanza nayo. Na wewe unayevaa miwani, sabuni ya mche usiipeleke kwenye lenzi, maana nyingi zina utando wake na utaukwaruza.