Uliza Fundi: Mota ya baiskeli kwa milima ya Pemba

SWALI: Assalaam alaykum. Nakaa pembezoni mwa barabara ya Chake–Mkoani na nasomesha skuli moja ya Chake Chake, kilomita 9 kwenda na 9 kurudi. Nina baiskeli ya mtumba ya Japani, ya gia tatu na kikapu mbele. Kuna milima miwili lazima nishuke niisukume, nafika darasani shati limerowa. Nataka kuitia mota. Ninunue ya wati ngapi?
Mwalimu, Mkoani

JIBU: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Kabla ya wati, inama usome ubavu wa tairi lako la nyuma. Baiskeli nyingi za Japani zimeandikwa 26 × 1 3/8, na pembeni yake kwa herufi ndogo 37-590. Mota nyingi zinazouzwa pamoja na gurudumu lake huja na rimu ya baiskeli ya milima, ambayo tairi lake husomeka 26 × 1.95 na 50-559. Zote zinaitwa 26, lakini 590 na 559 ndiyo kipenyo cha rimu zenyewe kwa milimita. Tofauti ni milimita 31, kwa hiyo tairi lako halitakaa kwenye rimu mpya, na breki za kubana rimu zitapita hewani milimita 15 juu yake.

La pili ni gumu zaidi. Gia zako tatu zimo ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, na breki ya nyuma imefungwa kwenye habu hiyo hiyo, upande wa kushoto. Ukiitoa ukaweka mota mahali pake, gia na breki vimekwenda pamoja. Kwa mtu anayeteremka milima kila siku, hilo tusingelikubali hata kama mota ni ya bure. Unaweza kuweka mota mbele ukabakisha habu yako, mradi uma wa mbele ni wa chuma na si wa alumini, na fundi asuke mota kwenye rimu ya 590. Kwenye lami itafanya kazi. Kwenye udongo mwekundu uliorowa, unapopanda uzito mwingi uko nyuma, gurudumu la mbele litazunguka pahala pamoja.

Ushauri wetu: baiskeli ya Japani iachie safari za sokoni, utafute baiskeli ya milima iliyotumika, yenye breki nzuri za kubana rimu mbele na nyuma na gia saba za frii (meno ya nyuma) ya kufunga kwa nyuzi. Pima kwa rula nafasi ya ndani baina ya mashavu mawili yanayoshika ekseli ya nyuma. Iwe milimita 135, ndipo mota ya nyuma iingie.

Sasa wati. Tuseme wewe, baiskeli, betri na mkoba wa madaftari ni kilo 100. Mlima unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, unadai wati 300 hivi kwenye gurudumu. Miguu ya mtu mzima asiyetaka kutoka jasho jingi inatoa 80. Zilizobaki, 220, ni za mota. Kwa hiyo mota ya gia za ndani iliyoandikwa wati 250 au 350 inatosha, na ya 500 ina nafasi. Usichukue ile kubwa bapa isiyo na gia ndani. Kwenye mlima wa polepole inakula umeme na kuugeuza joto, na betri ikiisha utakanyaga huku unaburura sumaku.

Kitu ambacho wauzaji hawakuambii ni mizunguko. Mota haipendi kwenda chini ya nusu ya mwendo wake wa juu kabisa. Gurudumu la 26 likizunguka mara 200 kwa dakika ni kilomita 25 kwa saa, na likizunguka mara 328 ni kilomita 40. Ukipanda kwa 12, mota ya 200 iko karibu na nusu yake, inavuta vizuri. Ya 328 haijafika hata thuluthi, inaungua taratibu ingawa kwenye tambarare ilionekana kali. Muulize muuzaji: mizunguko mingapi, na kwa volti ngapi? Kwa Pemba chagua ya polepole.

Betri: kwa njia ya milima hesabu wati-saa 15 kwa kilomita. Kilomita 18 ni 270. Betri ya volti 48 na ampea-saa 10 ina 480, inatosha kwenda na kurudi bila ya kuikausha, na bado itatosha ikichakaa. Kuijaza hakufiki uniti moja ya umeme wa TUKUZA.

Katika kufunga, pahala pa kutulia ni ekseli. Ukiitazama mota ikiwa mezani utaona ekseli imechongwa bapa pande mbili, upana wa milimita 10, na waya unatokea kwenye ncha yake. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli inajaribu kuzunguka nyuma. Nati peke yake haizuii. Ikishinda, inazunguka ndani ya shavu, inakata waya wake yenyewe na gurudumu linachomoka. Funga mkono wa chuma wa kuzuia ekseli, usiochezacheza hata kidogo kwenye ule ubapa, na mwisho wake uukaze kwenye fremu kwa kibano. Rudia kukaza nati baada ya kilomita 20 za mwanzo. Waya utoke ukielekea chini, ufanye tumbo, halafu upande. Maji ya masika yadondoke kwenye tumbo hilo, yasifuate waya mpaka ndani ya mota.

SWALI: Baiskeli yangu ya umeme ya volti 36 inazima katikati ya mlima ilhali taa zinaonesha betri bado nusu. Nikizima swichi na kuwasha inakubali, halafu inazima tena. Fundi kasema mota imekufa.
Mfanyabiashara, Konde

JIBU: Mota iliyokufa haifufuki kwa swichi. Hapo umeme unakatwa na saketi ya ulinzi ndani ya betri. Betri ya volti 36 ni makundi 10 ya seli, na ikijaa husoma volti 42. Kundi moja likichoka, linapobebeshwa mzigo wa mlima volti zake zinaporomoka peke yake, saketi inakata yote ili kuliokoa. Kwenye tambarare mzigo ni mdogo, huoni kitu.

Ijaze mpaka taa ya chaja igeuke, iache saa moja, pima. Ikiwa 41.5 au zaidi, tembea nayo nusu ya chaji kisha mpe fundi wa betri apime kila kundi. Makundi tisa yakisoma 3.7 na moja 3.2, mgonjwa umempata. Ikiwa makundi yote yako sawa, angalia plagi baina ya betri na kontrola, kisanduku kinachoongoza mota: chumvi ya bahari huiotesha ukungu wa kijani, nayo huwa moto kwa kuigusa baada ya mlima. Ikate, ufunge mpya.

Mpaka itengenezwe, panda kwa gia nyepesi na ukanyage. Na chaja ya volti 48 usiiazime hata siku moja. Inafika volti 54.6, na betri yako ni ya 42. Hapo si tena suala la kuharibu betri, ni moto ndani ya nyumba.

SWALI: Ndugu yangu anarudi kutoka Dubai. Aniletee betri ya volti 48 kwenye begi?
Msomaji, Wete

JIBU: Hapana. Ndege za abiria haziruhusu betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na ya volti 48 kama tuliyoitaja juu ni karibu 500. Ataambiwa aiache uwanjani. Alete mota, kontrola na mkono wa ekseli. Betri iagize kwa mzigo wa meli.

SWALI: Nikiteremka, betri inajaa?
Kijana, Mtambile

JIBU: Kwa mota ya gia za ndani, haijai kabisa. Gurudumu linazunguka huru. Hata kwa aina inayoweza, mteremko wa mita 60 kwa kilo 100 una wati-saa 16 tu, na ukirudishiwa 5 umepata chini ya nusu kilomita. Pesa za kutafuta aina hiyo nunua mipira mipya ya breki, kwa sababu baiskeli yako sasa imeongezeka kilo 7 na mteremko ni ule ule.