Mikoko, Kiyama na Qadari

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Niko Pemba, katika kikundi cha akina mama tunaopanda mikoko. Miche mingi ilizolewa na maji, iliyobaki ikakatwa kuni. Majirani, akiwemo mwalimu wa chuo, wanasema kuharibika kwa bahari ni dalili ya Kiyama, na kuhangaika nayo ni kushindana na qadari, yaani aliyoyapanga Mwenyezi Mungu. Nimevunjika moyo. Niache?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mama. Usiache. Kauli hiyo imenisikitisha, na kwa kuwa imetoka kwa anayesomesha watoto wetu Qur'ani, haifai kunyamaziwa.

Wasemao hivyo hushika Suratur-Rum, aya ya 41: ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yaliyofanywa na mikono ya watu. Wakafunga msahafu hapo. Aya inaendelea: ili awaonjeshe baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Atarejea vipi aliyeambiwa akae asubiri parapanda? Na Mtume (s.a.w.), kwa mapokezi ya Anas, ametuamrisha kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Hapo dalili zote zimeshapita, na amri ya kupanda ingalipo!

Ama qadari, Sayyidna Umar alipoghairi kuingia Sham (nchi ya Syria na jirani zake) kwa sababu ya tauni, Sahaba Abu Ubayda alimuuliza: unaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu? Akajibu: naam, tunaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye qadari ya Mwenyezi Mungu. Hao wanaokukataza, masika yakikaribia huezeka nyumba zao. Mbona paa hawaliachii qadari?

Wewe umechoka tu, mama, imani yako haina kasoro. Chochote kilichokula katika mlichopanda, hata kaa wa matopeni, ni sadaka yenu.

Lakini thawabu isitusahaulishe ujuzi. Miche ikizolewa, mara nyingi mahali si pake. Mkoko wa mizizi ya magongo haustahimili ukingo wa nje unaopigwa na mawimbi. Huko ni kwa mililana, mikoko ya aina nyingine. Waulizeni wavuvi wazee pale paliota nini zamani. Gazi, kule Kwale nchini Kenya, wanakijiji wanalinda mikoko yao, na mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unauza hewa ya ukaa, yaani unalipwa kwa hewa hiyo ambayo mikoko inaifyonza na kuihifadhi. Fedha zimeingia kwenye maji na skuli. Inawezekana.

Aliyekata msimlaani. Mwombeni sheha awakutanishe naye, mjue shida yake. Huenda hana pengine pa kupata kuni. Pandeni na mivinje nchi kavu, aje akate hiyo.